Maua ya Dodoma Hayasubiri Mtu: Mwongozo Kamili wa Kutembea Porini Msimu wa Mvua

Wengi waliohamia Dodoma tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa wanaujua mji huu kwa vumbi, upepo na jua. Waulize habari za maua, watakutajia bogenvilia za kwenye uzio na mikrismasi ya kando ya barabara. Ukame ni kweli upo. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600 au pungufu, na karibu yote hunyesha kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Lakini ukame huohuo ndio unaofanya maua ya porini hapa yatoke kwa mkupuo. Mmea uliopewa wiki chache za unyevu hauna nafasi ya kuchelewa: lazima uote, uchanue, ufunge mbegu na kumaliza kabla ardhi haijakauka tena.

Ulaya maua ya mashambani hungoja baridi iishe, na watu wa huko hufunga safari mwezi Aprili na Mei kwenda kuyatazama kwa miguu. Huku kwetu maua hungoja maji, na mengine hayangoji hata hayo. Huchanua jua likiwaka, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza. Ndiyo maana anayesubiri likizo ya Pasaka ili atoke na familia hukuta sehemu kubwa ya sherehe imekwisha. Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Dodoma, Singida, Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, au anayefika kwa treni ya SGR kutoka Dar es Salaam, na ambaye yuko tayari kufuata mvua popote inapompeleka.

Hatua ya kwanza: jifunze kalenda ya maua

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba nyasi zimekwisha, ardhi ni nyekundu tupu, na mtu hudhani hakuna cha kuona. Inua macho. Huu ni wakati wa miti. Migunga mingi hutoa maua madogo yenye harufu tamu, meupe au ya manjano hafifu, na utaijua kwa mvumo wa nyuki kabla hujaona ua lenyewe. Miti ya jamii ya Cassia huvaa manjano bila jani hata moja. Kwenye miamba yenye joto kali angalia waridi la jangwani, mmea wenye shina nene lililovimba chini na maua ya waridi juu ya matawi makavu. Upande wa Kondoa, milima ya Chenene na Manyoni, miombo hutoa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba kabla ya mvua. Ukiyaona kwa mbali utaapa ni maua. Miti hii hutumia maji iliyojiwekea na yale ambayo mizizi yake mirefu inayafikia chini. Nyasi hazina akiba hiyo, ndiyo maana zinasubiri.

Oktoba hadi Desemba ni zamu ya mibuyu. Huo nimeuwekea sehemu yake peke yake hapo chini, kwa sababu unadai uende jioni.

Mvua ya kwanza ya maana ikishuka, mwishoni mwa Novemba au Desemba, anza kuhesabu. Mimea yenye vitunguu ardhini ndiyo hutangulia, na ndani ya siku kumi hivi utakuta mashada mekundu yamechomoza kwenye udongo ambao juzi ulikuwa vumbi. Maarufu ni Scadoxus multiflorus: kikonyo kimoja kinene, na juu yake duara kubwa la nyuzi nyekundu zenye ncha za manjano, mara nyingi kabla majani hayajatoka. Hutafutwa chini ya vichaka na kwenye vivuli vya miamba. Usichelewe wiki mbili ukitaka kulikuta likiwa zima.

Januari na Februari ardhi nzima inachanua. Kwenye mashamba yaliyopumzishwa utakuta jamii ya viazi vitamu ikitambaa na maua yake ya zambarau, mbigili ikitandaza manjano njiani, na mlenda pori wa jamii ya ufuta ukining'iniza maua ya zambarau hafifu. Februari mara nyingi mvua hukatika kwa siku kadhaa, hata wiki mbili. Wakulima huumia, na maua laini hunyauka. Ukiona mawingu yamepotea usisubiri wikiendi nyingine, nenda kesho.

Machi na Aprili ni za nyasi ndefu, maua ya manjano ya kando ya barabara, na alizeti. Mei watu hurudi kwenye vumbi wakidhani mambo yamekwisha. Bado: Juni hadi Agosti mishubiri ya porini hutoa mishale ya maua mekundu na ya machungwa kwenye vilima vya mawe, na ndege chozi hawabanduki hapo kutwa nzima, maana wakati huo asali ya maua ni adimu.

Tarehe za kalenda hii husogea kila mwaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za msimu, zile za Novemba hadi Aprili, kabla hazijaanza. Usome ujue kama zitawahi au zitachelewa. Kisha fanya kitu rahisi zaidi, piga simu. Mvua ya Dodoma hunyesha kwa vipande. Hombolo inaweza kulowa wiki nzima huku Bahi wakitazama mawingu yakipita. Ndugu aliyeko kijijini, dereva wa basi dogo, mama anayeleta mboga sokoni Majengo, hao watakuambia ardhi imelowa wapi.

Hatua ya pili: chagua mahali kwa kufuata maji

Usianze kwa kuuliza "wapi kuna maua?" Uliza maji yanakwenda wapi yakinyesha.

Vilima vya mawe vya Dodoma ndivyo mahali bora pa kuanzia. Jiwe halinywi maji. Mvua ikipiga juu ya mwamba, yote hutiririka na kukusanyika pale mwamba unapokutana na udongo. Ukanda huo mwembamba wa chini hupata maji mengi kuliko shamba lililo hatua ishirini mbele yake, kwa hiyo huchanua mapema na kuchelewa kukauka. Zunguka kilima chini, polepole, badala ya kukimbilia kileleni. Tazama pia kwenye nyufa na visahani vya juu ya mwamba ambako udongo kidogo umekaa. Kuna mimea midogo ambayo maisha yake yote ni hapo tu.

Pili ni kingo za makorongo. Kingo, si ndani ya korongo lenyewe. Hapo utapata vichaka vilivyoshonana, na ndani yake maua yanayopanda, likiwemo Gloriosa superba nitakalolieleza baadaye.

Tatu, mashamba yaliyoachwa mwaka mmoja au miwili. Wengi huyapita bila kuyatazama, lakini ndiyo yenye rangi nyingi Januari.

Nne, madimbwi ya msimu. Yakijaa, yungiyungi huibuka na kuchanua juu ya maji. Usiende alfajiri, kwani maua yake hufunguka jua likishapanda na kufunga alasiri.

Tahadhari moja kwa wakazi wa jiji: baadhi ya vilima viko karibu na makazi ya viongozi, kambi au minara. Ukiona uzio, kibao au askari, geuka. Vilima ni vingi.

Hatua ya tatu: omba njia

Tangu bei ya viwanja ipande Dodoma, mtu mgeni anayezunguka shambani akipiga picha kwa simu huonekana kama dalali, mpima ardhi au mtafuta madini. Mwenye shamba ana haki ya kuingiwa na wasiwasi. Kwa hiyo usiingie kimyakimya.

Kama ni kijijini, pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji. Kama ni shamba la mtu, tafuta nyumba iliyo karibu, simama mbali kidogo na mlango, bisha hodi. Kwa Wagogo salamu ya "mbukwenyi" hufungua mazungumzo, halafu endelea kwa Kiswahili chenye heshima:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnatafuta nani?"

"Hatutafuti mtu, mzee. Tunatembea kutazama maua ya mvua. Tunaomba njia tupite pembeni mwa shamba lako, hatutachuma kitu."

Atacheka, au atashangaa, halafu mara nyingi atakutumia mjukuu akuonyeshe. Mchukue huyo mjukuu. Uliza pia kama kuna mahali pasipokanyagwa: makaburi, kichaka cha matambiko, mbuyu wenye historia ya ukoo. Akisema hapana, ni hapana. Shukuru, endelea na njia nyingine.

Wanaojua mimea ya Dodoma kuliko kitabu chochote ni akina mama wanaochuma mlenda na mboga za porini, na vijana wanaochunga. Mama wa Kigogo atakuambia majani yapi ni ya kupika yakiwa mabichi, yapi ni ya kuanika na kuhifadhi kwa ajili ya kiangazi, na yapi mbuzi wenyewe hawayagusi. Muulize jina, mwombe alirudie, liandike kama ulivyolisikia. Upande wa Kondoa utapata jina la Kirangi, upande wa Farkwa la Kisandawe, Singida la Kinyaturu. Mmea mmoja utaondoka nao na majina manne, na kila moja lina kazi yake.

Hatua ya nne: vaa na beba

Hapa sichelewi. Viatu vilivyofunikwa vyenye soli ngumu, kwa sababu mwiba wa mgunga hupita kwenye ndala bila kujitangaza na mbigili huingia kwenye soli laini. Suruali ndefu, soksi juu ya pindo. Kofia. Maji lita mbili kwa kila mtu hata kama kuna mawingu. Koti la mvua, na mfuko wa plastiki wa kukinga simu. Kibano kidogo cha kutolea miiba, daftari, kalamu ya risasi maana wino hulowa. Simu iwe na chaji, na nyumbani wajue uelekeo ulioshika.

Muda mzuri ni kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi. Maua mengi madogo ya ardhini, hasa yale ya buluu yanayoota shambani kati ya mahindi na uwele, hufunguka asubuhi na kujikunja kabla ya adhuhuri. Atokaye saa sita mchana atayapita bila kujua kwamba yapo.

Hatua ya tano: tembea taratibu, kisha simama

Kilomita mbili kwa saa tatu zinatosha. Najua ni mwendo unaowakera watu wa mazoezi, lakini huku si kukimbia. Namna ninayoipendekeza ni hii: tembea hatua chache, simama, tazama kwanza mbali, kisha karibu, kisha chuchumaa utazame chini ya kichaka. Macho huhitaji muda kutenganisha rangi na majani.

Ukipata mmea unaokuvutia, kaa nao. Chukua mkulagembe, ambao Wagogo huuita mtundulu na ambao wengi huufyeka kama adui wa malisho. Ua lake huning'inia likiwa na rangi mbili zilizogawana: nusu ya juu ni nyuzi za waridi, nusu ya chini ni kishada cha manjano. Zile za waridi ni tasa, hazitoi mbegu. Kazi ya kuzaa iko kwenye manjano. Kadiri siku zinavyopita waridi hupauka na kuwa nyeupe, kwa hiyo kwenye tawi moja unaweza kusoma ua lipi ni la leo na lipi ni la juzi.

Gloriosa ni la kutafutwa kwenye vichaka vya kingo za makorongo. Tazama kwanza jani: ncha yake imerefuka na kujikunja, na hiyo ndiyo mkono wa mmea, hushika tawi la jirani na kupanda. Ua lina petali sita zilizopinda kurudi nyuma, zenye kingo za mawimbi. Huanza za kijani-manjano, kisha nyekundu huzitawala hadi manjano hubaki ukingoni tu. Na katikati, ule uzi unaopokea chavua haukusimama wima. Umepinda kwa pembe na kutoka nje upande mmoja. Wengi hulipiga picha kwa juu wakaondoka. Liinamie, ulitazame kwa ubavu, ndipo utaona umbo hilo.

Hatua ya sita: jioni moja chini ya mbuyu

Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu wote, fanya hili.

Mwezi Novemba tafuta mbuyu wenye matumba. Yananing'inia kwa vikonyo virefu, ya mviringo, ya kijani, kila moja peke yake. Nenda mchana kwanza uchague tawi la chini unaloweza kulitazama bila kupanda. Angalia pia ardhini: ukiona maua ya kahawia yaliyoanguka, mti umo kwenye msimu wake, na usiku wa leo mengine yatafunguka.

Rudi saa kumi na moja jioni. Kagua matawi kama kuna mizinga, maana mibuyu mingi ya Dodoma hutundikwa mizinga. Ukiuona, kaa mbali na njia ya nyuki au tafuta mbuyu mwingine. Kaa. Jua linapozama, tumba lililokomaa hupasuka kwenye mishono yake, vifuniko vya kijani hujikunja kurudi juu na kuonyesha upande wa ndani wenye manyoya ya rangi ya maziwa. Petali tano nyeupe, zilizokunjamana, hufunguka na kupinda. Kinachobaki kikining'inia ni kishada cha mamia ya nyuzi nyeupe, na kutoka katikati yake uzi mmoja mrefu zaidi unaochomoza. Ua zima hujaa kiganja cha mtu mzima.

Harufu yake si ya kupuliziwa nguo. Ni nzito, na wengine huikunjia pua. Haikukusudiwa sisi. Wateja wake ni popo wala matunda, ambao huja gizani, hukumbatia ua kwa sekunde chache, hulamba asali na kuondoka na chavua kifuani hadi mbuyu mwingine. Komba nao huja, na nondo. Ukitaka kuwaona, zima tochi, zoesha macho giza, tazama maua dhidi ya anga. Usimmulike popo usoni.

Ua hilo lina usiku mmoja tu. Asubuhi petali zimelegea na kuanza kugeuka kahawia, na baadaye huanguka, mbuzi wakala. Kazi ikiwa imefanyika, pale juu hubaki kianzio cha buyu ambalo litachukua miezi kadhaa kukomaa, na ubuyu wa sokoni mwaka ujao unategemea ziara ile ya popo gizani. Anayewafukuza popo kwa moto kwenye mibuyu yake anajipunguzia ubuyu mwenyewe.

Hatua ya saba: picha na majina

Picha moja ya ua kwa karibu haitoshi kuutambua mmea. Piga nne au tano: ua kwa mbele, ua kwa ubavu, jani pande zote mbili, shina au gome, na mmea mzima pamoja na mazingira yake. Weka kidole au kalamu kando yake kuonyesha ukubwa. Wakati wa upepo, ambao Dodoma haukosekani, shika shina kwa mkono mmoja usiogusa ua, au subiri, upepo hupumzika.

Programu ya iNaturalist inakubali picha zilizopigwa bila mtandao, ukazipandisha ukifika mjini, na watu wanaojua mimea hukusaidia jina. Okidi, au mmea wowote unaochimbwa na kuuzwa, ficha mahali pake kamili.

Inafaa kujua kazi iliyotangulia. Orodha kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na ikakamilika 2012, miaka 60, ikiwa na aina zaidi ya 12,000. Sehemu ya maarifa hayo ilitoka hapa kati. Mtaalamu B. D. Burtt alitembea maeneo haya akikusanya mimea alipokuwa kwenye utafiti wa mbung'o, hadi alipokufa kwenye ajali ya ndege Singida mwaka 1938. Yote hayo yaliandikwa kwa Kiingereza na Kilatini. Daftari lako la Kiswahili na Kigogo, lenye tarehe, jina la kijiji na siku ya mvua ya kwanza, lina thamani ambayo vitabu vile havina. Liandike kila mwaka. Baada ya misimu michache utaweza kutabiri kilima kipi kitatangulia.

Hatua ya nane: hatari za kweli

Korongo ni hatari kuliko nyoka. Mvua inaweza kunyesha kilomita nyingi juu yako, wewe ukiwa kwenye jua, kisha ukuta wa maji na matope ukashuka kwenye mchanga mkavu. Usipumzike ndani ya korongo, usiegeshe gari, na likishajaa usivuke hata kama unaona wengine wanavuka. Maji yatapungua baada ya saa chache.

Radi: ukisikia ngurumo ukiwa juu ya mwamba, shuka mara moja, usijifiche chini ya mti uliosimama peke yake.

Nyoka hutembea zaidi baada ya mvua za kwanza. Swila na kifutu wapo. Tazama unapoweka mguu na hasa mkono unapopanda mawe. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kwa kukaza.

Kuhusu mimea yenyewe, shika kanuni ya kutotia chochote mdomoni. Kiazi cha Gloriosa kina sumu ya kuua. Kitunguu cha Scadoxus ni sumu. Utomvu wa waridi la jangwani ulipakwa kwenye mishale. Minyaa ya uzio ikivunjika hutoa maziwa meupe yanayounguza macho. Yakikuingia, osha kwa maji mengi na uende kituo cha afya. Na upupu, wenye vishada vizuri vya maua ya zambarau iliyokolea, uutazame ukiwa mbali, kwani maganda ya msimu uliopita huenda bado yananing'inia juu yako. Watoto waambie haya kabla ya kushuka garini. Jioni kagueni kupe nyuma ya magoti na kiunoni.

Hatua ya tisa: safari za siku moja na zaidi

Kondoa ndiko ningekupeleka kwanza. Barabara ni ya lami, kama kilomita 160 kutoka Dodoma. Ukiendelea hadi Kolo utafika kwenye ofisi ya michoro ya miambani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mwongozaji atakutembeza vilimani. Fika Desemba au Januari uone michoro na maua kwa safari moja. Lakini tazama pia ardhi. Milima ya Irangi iliwahi kuliwa na mmomonyoko hadi ikabaki mifereji mitupu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Ulikuwa uamuzi mchungu kwa wafugaji, na machungu hayo yasisahauliwe tunapofurahia matokeo: nyasi zilirudi, vichaka vikafuata. Maua unayoyaona kwenye miteremko ile yamegharimiwa na watu.

Kichaka cha Itigi, magharibi mwa Manyoni, ni cha aina yake. Ni msitu mfupi ulioshonana kiasi kwamba huwezi kupenya bila panga, na kiangazi huonekana umekufa. Mvua ikigusa, majani na maua hutoka karibu kwa pamoja. Usijaribu kuingia ndani. Tembea kwenye njia zilizopo pembeni, Desemba, ukiwa na mwenyeji. Nunua asali ukirudi, ni maua yaleyale.

Alizeti za Singida, na za Kongwa kwa walio mashariki, si za porini, ila kuziacha itakuwa dhambi. Nenda Machi, au Aprili kama walipanda kwa kuchelewa. Mmea mchanga hulifuata jua, lakini ua likishakomaa hukaa limetazama mashariki. Kwa hiyo nenda asubuhi, simama upande wa mashariki wa shamba, jua likiwa mgongoni mwako: nyuso zote zitakutazama zikiwa na mwanga kamili. Ukienda jioni upande wa barabara usiofaa utapiga picha za visogo. Sogea kwenye ua moja utazame katikati. Kile unachokiita ua ni mamia ya maua madogo, na yanafunguka duara kwa duara kutoka nje kwenda ndani. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, usivunje shina kwa ajili ya picha, na ukimnunulia chupa ya mafuta utakuwa umelipa kiingilio.

Mwenye siku nne au tano avuke kanda aende Kitulo, kupitia Mtera na Iringa. Hifadhi hiyo ya Taifa ilitangazwa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake, na iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Desemba hadi Aprili okidi na maua mengine hutanda kwenye nyasi. Beba nguo za baridi. Mtu wa Dodoma huko atatetemeka. Uliza hali ya barabara ya kupanda kabla ya kuondoka, kwani mvua inayoleta maua ndiyo inayoleta utelezi. Na ukikuta mtu anauza vikonyo vya okidi au viazi vyake njiani, usinunue. Viazi hivyo huchimbwa kwa ajili ya chakula kinachouzwa hadi Zambia, na kila kimoja ni mmea uliokwisha.

Kabla hujapanda gari kurudi

Usichume. Ua la Scadoxus litakufa mkononi kabla hujafika Ihumwa, na mbegu yake imekwenda nalo. Ukitaka mimea ya porini uwanjani kwako, omba mbegu za mishubiri au chipukizi kutoka kwa mtu anayeipanda, usichimbue mwamba.

Kung'uta viatu, soksi na pindo za suruali palepale ulipotembea, si nyumbani. Mbegu zilizokung'ang'ania zingine ni za magugu. Lichunguze hasa gugu karoti, lenye majani yaliyochanikachanika na maua madogo meupe mengi, ambalo limeshawasumbua wafugaji na wakulima wa kaskazini. Husafiri kwa matope ya matairi na viatu. Huwasha ngozi na kusumbua kifua, kwa hiyo usiling'oe kwa mikono mitupu. Ukiliona kando ya barabara upande huu wa kati, piga picha, andika mahali, na mpelekee afisa kilimo wa kata wiki hiyohiyo, kabla halijaangusha mbegu.